Herufi Isiyosikika

Tarehe 6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza visa, na yule paka wa jirani ameacha kulala juu ya meza yako. Sisi huku hatujambo. Baba Kifungo bado anachomelea mageti. Anarudi uso mweusi mpaka mtoto anamkataa, akishanawa ndipo anamkubali. Kifungo mwenyewe ana miezi saba na meno mawili ya chini, na ameshayajaribu kwenye kidole changu. Jina hilo la utani limemganda, shangazi. Ni duara tu kila upande, na macho yake ni kama yale matundu mawili ya kupitishia uzi.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nimepandishwa! Unajua nilikuwa chumba cha nyuma cha karakana ya ushonaji, nashona vifungo. Sasa nimewekwa chumba cha mbele, nina meza na kalamu. Kuna mama anapima wateja, tunamwita Mama Tepu, ana sauti ya kengele na tepu haijawahi kutoka shingoni mwake, nadhani anaoga nayo. Anapima huku anapaza sauti, mimi naandika kwenye kikaratasi, nakibana kwa pini kwenye kitambaa, kitambaa kinakwenda kwa mkataji. Mkataji naye anaitwa Sentimita, kwa sababu hasogei hata sentimita moja kutoka kwenye kile alichosoma.

Shida ni kwamba kila kitu ni Kiingereza. Wateja wengi ni mahoteli na maofisi, vitabu vya oda vimechapwa kwa lugha hiyo, na Mama Tepu ndivyo alivyofundishwa kupima. Hata nambari anazitaja moja moja: thelathini na nne kwake ni "three, four". Nami shule yangu unaijua ilipoishia.

Lakini shangazi, uzuri wa chumba cha mbele ni kwamba naruhusiwa kukaa na mtoto. Kapu lake liko chini ya meza, namtikisa kwa mguu huku naandika. Kule nyuma haruhusiwi, kuna sindano na vumbi la nyuzi. Nilikuwa namwacha kwa jirani asubuhi mpaka jioni, na mtoto wa mtu yeyote akilia barabarani, maziwa yananilowesha blauzi.

Nimepewa miezi mitatu ya kujaribiwa, na wiki ya kwanza tu nimeboronga. Alikuja mwalimu mmoja anayestaafu, ameleta kitambaa chake cha buluu, kile cha kushika ukatabasamu. Mama Tepu akamzungusha tepu kiunoni, akasema, "Waist, three, four." Nikaandika nilivyosikia: "Waste 34." Kumbe hilo ni neno jingine kabisa! Ni takataka! Sentimita akasoma, akachukua kitambaa cha watu akakitumbukiza kwenye gunia la mabaki, lile linalobebwa kila Ijumaa na wajaza mito.

"Kitambaa cha mwalimu kiko wapi?" Mama Tepu akauliza.

"Kwenye gunia."

"Nani kakwambia ukitie kwenye gunia?"

"Kikaratasi."

"Na hiyo thelathini na nne ulidhani nini?"

"Nilidhani ni takataka nambari thelathini na nne."

Mama Tepu alitoka mbio na kiatu kimoja, akalifukuza gari la mikono la wajaza mito mpaka kona. Kitambaa kilikuwa chini kabisa ya gunia, kizima, kimejaa manyoya ya nyuzi. Bi Mkubwa, mwenye karakana, hakunifokea. Alisema tu, "La kwanza nimeliona. La pili, unarudi kwenye vifungo." Akatazama kapu chini ya meza, akaenda zake. Afadhali angefoka.

Shangazi, wewe umepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na sita, tena Kiingereza, tena kinyumenyume. Kwetu nyumbani hakuna mtu mwingine wa kumuuliza. Nitakupigia Jumapili saa nne asubuhi unieleze. Ila usinililie kama ile siku tulipohamia huku! Nilikwambia nimefika, ukaangua kilio, "pole mwanangu, pole sana," mpaka simu ikakatika. Tulicheka mimi na Baba Kifungo, tukasema shangazi ana moyo mwepesi, analilia hata watu waliofika salama.

Mwanao,
Mama Kifungo


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, limechukua tabia ya baba yako: likishakaa halitaki kuinuka. Paka ameacha meza, sasa analala kitandani, na mwenye paka anasema nimemwiba. Baba yako mwenyewe hajambo, ameotesha nyanya nyuma ya nyumba na anatembeza watu kuziona. Nafurahi mtoto ana meno. Nafurahi zaidi kwamba una kalamu.

Jumapili usipige simu. Na kama barua hii imechelewa na umeshapiga, basi ndiyo hivyo. Simu yangu siku hizi inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria, huwezi kupata neno. Niandikie.

Kosa lako silo la ujinga. Umezoea lugha ya watu waungwana, lugha ambayo neno linaandikwa kama lilivyotoka mdomoni. Hicho Kiingereza kina maneno mapacha: ukiita moja, yanaitika mawili. Ukitaka kuyatenganisha, acha kuyaita. Yatazame sura.

Andika hayo mawili yaliyokuponza, moja chini ya jingine. "Waist" ni kiuno. Tazama katikati: kuna "i" imesimama, nyembamba, imebanwa kulia na kushoto kama mtu aliyekaza mkanda. Hicho ndicho kiuno chako. "Waste" tazama mwisho wake. Kuna "e" pale ambayo haitamkwi na mtu, wala haisikiki. Imebaki, imetupwa nje ya mlango. Ukiona herufi iliyotupwa mwishoni, ujue ni ile ya gunia. Sijui kama ndivyo wanavyofundisha shuleni. Ndivyo nilivyojifundisha mimi, kwa sababu msimamizi wetu alikuwa hafundishi, alikuwa anarusha herufi.

"Sew" ni kushona. Ile "e" ndogo ina tundu juu, ni tundu la sindano. "Sow" ni kupanda mbegu, na "o" ndiyo hiyo mbegu, ipo kwenye shimo lake. "Seem" ni kuonekana, ina "e" mbili, macho mawili yanakukodolea. Kwa hiyo lile lenye "a", "seam", ni mshono. Na usije ukanichanganyia "dye" na "die", kwa sababu moja ni kutia rangi na jingine ni kufa. Shika hivi: "y" ina mkia, na mkia umechovywa kwenye ndoo ya rangi.

Kuna na mengine ambayo hata wenye lugha yao wanasema hayafanani, ila masikio yetu ndiyo yanayoyafananisha. "Fit" ni nguo kukaa sawa mwilini. "Feet" ni miguu. Hesabu: miguu ni miwili, "e" ni mbili.

Zaidi ya yote, Mama Tepu akisema neno, usiandike sauti yake. Jiulize anashika nini. Akishika kiuno cha mteja, andika kiuno.

Usiogope kumuuliza mtu. Mimi niliuliza mpaka wakaniita Mama Eti.

Shangazi yako


Tarehe 10 Machi

Shangazi Mama Eti,

Shikamoo na mahaba juu. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tano nilimsomea Kifungo, naye akaila kona. Sisi wazima. Baba Kifungo amechoma kidole, kidogo tu, lakini ukimsikia utadhani mkono umekwenda.

Samahani, nilipiga. Barua yako ilifika Jumatano na mimi nilikuwa nimepiga ile Jumapili, tena mara tatu. Iliita mpaka ikachoka. Nikajua ni mambo ya huo mchanga wako.

Shangazi, wewe ni mtu wa ajabu! Nimekata boksi la vifungo, nimechora "i" yenye mkanda na "y" yenye ndoo, nimebandika mbele ya meza yangu. Juzi lilikuja koti la hakimu mmoja, jeusi lililopauka. Mama Tepu akalitupa mezani, akasema lile neno. Nikasimamisha kalamu.

"Mama, eti hili koti linafanywa nini?"

"Linatiwa rangi, we mtoto. Ulidhani ninaliua?"

"Ndiyo nilitaka kujua hilo."

Sentimita akainua kichwa kutoka kwenye mkasi wake. "Angeliandika lile la kufa, mimi ningelizika," akasema. Hakucheka, shangazi. Nadhani kweli angelizika.

Halafu kuna jambo limenigusa. Wateja walipoisha, Mama Tepu akavuta kiti akatazama boksi langu kwa muda mrefu. Akaniuliza taratibu, "Kiuno ni kipi hapo?" Nikamwonyesha. Akasema, "Ndiye huyu?" Akamgusa na kidole. Miaka ishirini anamtaja kila siku na hajawahi kumwona! Alijifunza kwa kusikia, hajawahi kushika kalamu. Sasa kila siku tukinywa chai ananiambia, "Nionyeshe mwingine." Jana nimemwonyesha yule wa sindano. Akasema huyo aliyewaza hivi ni nani. Nikasema ni dada wa baba yangu. Nilijiona nimekua kimo.

Mwezi wa kwanza umepita bila kosa la pili. Nahesabu siku.

Kifungo ameanza kusema "shaa". Mimi nasema anakuita wewe, baba yake anasema ni mate tu. Simu ikipona nitamweka karibu umsikie. Au uje! Chumba ni kimoja lakini kina dirisha zuri, tutakubana tu.

Mwanao,
Mama Kifungo


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na kidole cha baba mtoto kipoe. Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Barua yako ilipelekwa kwa jirani kimakosa, naye alinibishia mlango siku tatu mfululizo akidhani sipo. Nilikuwepo. Mwisho akaipenyeza chini ya mlango. Baba yako amekuja na nyanya mbili, moja amekula mwenyewe.

Mpe salamu Mama Tepu. Mwambie aliyewaza yale ni mtu aliyekaa kwenye kelele. Siku yangu ya kwanza kazini, mashine kubwa ilipowashwa nilidhani dari linashuka. Hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake hata akimpigia kelele sikioni. Tukawa tunaongea kwa midomo na vidole. Niliyepanga naye herufi alinihadithia ndoa yake nzima hivyo, miaka minne, na nilicheka mahali pake na kusikitika mahali pake. Mchana kutwa neno kwangu lilikuwa kitu cha mkononi, kipande cha madini ya risasi, kidogo, kizito, kina mgongo na uso. Kwa hiyo wewe ukiniambia maneno mawili yanafanana, mimi huwa nashangaa. Yanafanana wapi? Hebu shika "hear" na "here". "Hear" ni kusikia. Ukifunika ile "h", kinachobaki ni "ear", sikio. Wameliweka humo humo ndani ili usikose. "Here" ni hapa. Hapo ndani hutakuta sikio, lakini hapa ni hapa.

Hujaniambia Kifungo akisema "shaa" midomo yake inakaaje. Inajikusanya kwanza, au anaachama moja kwa moja? Nichoree.

Kuhusu kuja, goti bado.

Mwezi wa mwisho ndio mtu huzembea. Kaza mkanda wa "i".

Shangazi yako


Tarehe 28 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sote wazima, mtoto ana jino la tatu. Naandika wakati wa chai, haraka haraka, utaona kwenye mwandiko.

Leo simu ya karakana imelia, nikapokea mimi. Ni bwana wa hoteli, anataka makoti ya wahudumu, anaongea Kiingereza cha haraka kama mtu anayemwaga mchele. Nikasikia: makoti, "four, eight", kitambaa cheupe. Mama Tepu naye alikuwa ameinama karibu, akasikia vile vile, akampigia kelele Sentimita, "Makoti arobaini na nane!" Sentimita akaanza kutandaza jora lote jeupe mezani.

Kalamu ikawa inaelekea kwenye karatasi, shangazi, nikakukumbuka. Nikamwambia yule bwana, "Samahani, eti ni makoti arobaini na nane, au ni makoti ya watu wanane?" Maana "four" ni nne, na "for" ni kwa ajili ya, na vyote vinatoka mdomoni sawasawa. Akarudia lile lile. Nikamwomba aseme vingine. Akarudia tena, kwa sauti kubwa. Nikamwomba, kwa heshima zote, aandike kwenye karatasi aitume. Hapo akalipuka. "Wewe kiziwi? Hapo hakuna mtu anayesikia?" Akakata.

Bi Mkubwa alikuwa mlangoni. Nikamwomba asiruhusu mkasi uguse kitambaa mpaka karatasi ije. Akaniuliza, "Umemkasirisha mteja wangu mkubwa kwa sababu ya herufi?" Nikasema ndiyo. Kesho bwana anakuja mwenyewe. Ikiwa ni arobaini na nane kweli, nimepoteza siku nzima ya watu wote na mteja juu yake, na keshokutwa miezi mitatu inatimia. Nimeshamwambia jirani ajiandae kumpokea Kifungo.

Lakini shangazi, si hilo lililonifanya nikuandikie leo.

Ni lile neno la yule bwana, kiziwi. Lilipita sikioni likarudi. Nikakumbuka simu iliyoita mara tatu. Jirani aliyebisha siku tatu na wewe umo ndani. Unaniuliza midomo ya mtoto inakaaje, huniulizi sauti yake ikoje. Nikachukua kikaratasi nikaandika maneno mawili, moja chini ya jingine, kama ulivyonifundisha, nikayatazama:

nimefika
nimefiwa

Nilikuwa na mimba ya miezi minane siku ile tulipohamia. Sisi tulicheka.

Sikuulizi kitu, shangazi. Sitapiga tena simu. Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea mdomo wa Kifungo. Unajikusanya kwanza, kama anayepuliza chai, halafu unafunguka wote mpaka meno matatu yanaonekana.

Mwanao,
Mama Kifungo


Tarehe 7 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mchoro nimeubandika ukutani, sawa na macho yangu nikiwa kwenye meza. Meno umeyapanga vizuri kuliko mafundi wengi niliofanya nao kazi.

Umeandika maneno mawili, ukanisoma mzima.

Sikio la kulia liliondoka nikiwa bado kazini, sikulijali, kule halikuwa na kazi. La kushoto lilibaki na mimi miaka kumi, halafu likaanza kupungua kama redio inayoishiwa betri. Siku ile uliposema umefika, mimi nilisikia umefiwa, na kwa mimba ile, ningefikiri ni nani mwingine? Nilimlilia mtoto wako siku kumi na moja. Nilikuwa nimemfumia vikoti viwili, nikavikunja nikaviweka chini kabisa ya sanduku ili nisivione. Siku ya kumi na mbili ikaja barua ya baba yako: anasema tumbo lako limekuwa kubwa hata mlangoni unapita ubavu. Nilikaa sakafuni na ile barua. Nikaapa sitashika simu tena, maana hiyo "w" moja ilinimaliza, na mtu mwingine angeweza kuniua kwa herufi ndogo zaidi.

Sijamwambia mtu. Wakijua husikii, wanakupigia kelele kama mbuzi aliyeingia shambani. Na baba yako atakuja kunichukua, anikalishe sebuleni kwake nitazame nyanya. Mimi hapa nina meza yangu, kalamu yangu na paka wa watu. Barua zako hazina kelele. Nazisikia zote.

Hukuniambia yule bwana alikuja na nini. Sijalala vizuri kwa ajili ya makoti ya watu.

Kimoja cha vile vikoti nakutumia. Kitambana sasa, mtoto mwenyewe amekua bila kuniuliza.

Usije kwa kunihurumia. Ukija, uje na kitu cha kunionyesha.

Shangazi yako


Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo, kutoka kwangu, kwa Baba Kifungo, na kwa Mama Tepu ambaye amekaa hapa pembeni na ameandika "waist" peke yake bila kuangalia boksi. Nakuambatanishia. Ile "i" ameiandika nene kidogo, anasema ni kiuno chake yeye.

Bwana wa hoteli alikuja na karatasi. Bi Mkubwa akaifungua juu ya lile jora jeupe. Makoti ya watu wanane. Wanane, shangazi! Bi Mkubwa akapima kwa macho kile kitambaa chote kilichotandazwa.

"Makoti arobaini ya ziada yangevaliwa na nani?" akauliza.

"Mimi ningekata," akasema Sentimita. "Kikaratasi kingesema."

Yule bwana aliniomba radhi, nikaipokea. Bi Mkubwa hakusema nimefaulu wala sikufaulu. Alikuja kwenye meza yangu, akainama, akasukuma kapu kwa ncha ya kiatu chake, mara moja, mara mbili, Kifungo akamcheka. Akasema, "Kapu hili ni dogo. Mtoto anakua. Kesho lete kubwa." Nilisubiri aondoke ndipo nikalia. Na sasa ni sheria ya karakana: nambari inaonyeshwa kwa vidole na neno lenye pacha linaulizwa. Mama Tepu anaita hiyo sheria ya Eti.

Siri yako iko kwangu. Baba yangu hatajua kwa mdomo wangu. Ila nakwambia kitu, nikiwa na umri huu na shule hii yangu ndogo: nimefundishwa kusikiliza na mtu asiyesikia, na sijaona mwalimu wa kukufikia.

Tunakuja, mimi na Kifungo, Jumamosi ijayo asubuhi. Siji kukuhurumia, kwa hiyo usijitengenezee uso. Mlango uache wazi, hatutabisha. Wewe kaa mezani pako utazame mlangoni.

Koti limembana kweli. Nimefumua mikono nikaongeza vipande, mshono wa "seam", wenye "a", na sasa linamkaa sawa. Kifuani nimedarizi neno moja kwa herufi kubwa, liende kutoka bega hadi bega, ulisome kabla sijafungua mdomo: NIMEFIKA.

Ile K nimeishona kwa uzi mwekundu, mara mbili.

Mwanao,
Mama Kifungo